Kizimba Ndani ya Selo

Verna Tackett alipewa mbwa katika majira ya baridi ambayo theluji ilianguka mapema na kukataa kuondoka. Kabla ya hapo hakuwa mtu wa kuzungumzwa. Katika jengo letu la gereza walikuwepo wanawake waliojulikana kwa sauti zao, wengine kwa ngumi zao, wengine kwa waume waliowazika. Verna alijulikana kwa kufua. Alifua shuka zake, akafua za mwenzake wa selo, akafua hata matambara ya deki, na kila akimaliza alinusa viganja vyake kwa makini, kama mtu anayetafuta harufu ambayo anaomba asiikute.

Alitoka vilimani, kusini mwa Ohio, kule ambako migodi ilifungwa na vidonge vya kulevya vikaingia. Watu wa kule husema taratibu na hawapendi kuulizwa. Lakini chumba cha kufulia kina mvuke na ngurumo za mashine, na mtu asiyeiona vizuri sura ya anayemsikiliza husema mengi. Ndiko nilikosikia habari za binti yake, Delphie. Katika miaka ya vidonge dada yake Verna, Ruthann, alikuja na gari mpaka mlangoni akaomba apewe mtoto, amlee mpaka Verna apate nafuu. Verna alikataa. Alisema mtoto hulelewa na mamaye, kwamba kesho angeacha vidonge, kesho kutwa nyumba ingekuwa safi. Ikaja siku maofisa wa ustawi wa jamii wakabisha hodi, pasiwe na wa kufungua, wakaingia wenyewe. Delphie alikuwa juu ya godoro lililolowa, likakauka, likalowa tena. Wakamchukua, wakampa watu baki. Baadaye Verna alisinzia kwenye usukani, akamgonga mzee aliyekuwa akitoa barua katika sanduku lake kando ya barabara. Mzee alikufa hapo hapo, naye Verna akaletwa kwetu kukaa miaka mingi.

Kulikuwa na shirika lililoleta watoto wa mbwa gerezani. Wafungwa waliwalea ndani ya selo mpaka wakawa wakubwa, kisha mbwa walikwenda kuwahudumia watu wasiojiweza: kuwafungulia milango, kuwaokotea vitu, kulala kando ya vitanda vyao. Ili upewe mbwa ulitakiwa uwe huna kosa lolote la nidhamu humo gerezani na uwe na subira ya kungoja. Verna alingoja mpaka tukasahau kwamba anangoja. Kisha siku moja akaja kutoka ofisini amekumbatia kijibwa cha rangi ya mkate uliookwa vizuri, masikio makubwa kuliko kichwa. Jina lake lilikuwa Otis.

Aliyekuja kufundisha alikuwa Bi Hostetler, mwanamke mrefu mwenye viatu vya shambani na sauti ya chini. Sisi majirani tuliruhusiwa kukaa nyuma na kusikiliza, maana mbwa angeishi na jengo zima. Alileta kizimba cha nyaya, akaweka wavu wa kati kukigawa, ikabaki nafasi ya mbwa kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Alieleza kwamba mbwa kwa asili yake hachafui anapolala. Ukimpa nafasi ndogo atajizuia na atakuita. Ukimwitikia kila anapoita, ukampeleka nje penye nyasi zile zile baada ya kula, baada ya kulala na baada ya kucheza, atajua. Akikojoa ndani ya kizimba, kosa ni la mlezi. Usimpigie kelele, usimsugue pua. Jiulize ulichelewa wapi, usafishe kwa siki mpaka harufu iishe, kwa sababu harufu humwita arudie.

Verna aliyashika hayo kama mtu anayeshika maagizo ya dawa. Alikula chakula chake akiwa amesimama ili asipitwe na wakati. Alijifunza kuujua mkojo wa Otis kabla Otis mwenyewe hajaujua: pua ikigusa sakafu, mkia ukikaza, mduara mmoja, wa pili, naye tayari amembeba yuko mlangoni anamwita askari. Shawnelle, mwenzake wa selo, msichana wa Cleveland aliyekuwa na maneno ya kumgawia kila mtu, alilalamika kwamba mbwa anatoka nje mara nyingi kuliko yeye alivyokuwa akitoka alipokuwa uraiani. Lakini yeye ndiye aliyemfumia kofia, na mbwa akaivaa, na askari wa kike wakaja kuiona.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya hesabu.

Saa kumi jioni kila gereza la nchi ile huhesabu watu wake. Unasimama mlangoni mwa selo yako, kimya, mpaka kila mwili upatikane na namba zikubaliane. Zisipokubaliana, inaanza upya, na hakuna anayetikisika. Afande Kozak, aliyekuwa wa zamu yetu, alikuwa na desturi ya kuwaacha walezi wa mbwa watoke kidogo kabla ya kengele. Hakuna aliyemwagiza. Akahamishwa. Akaja Afande Strope, kijana mwenye wasiwasi, ambaye aliisoma sheria akakuta haina mbwa ndani yake. Milango ilifungwa mapema, mbwa ndani. Na majira yale jengo moja lilikuwa likitengenezwa paa, wanawake wakihamishwa huku na huko, namba zikawa hazikubaliani karibu kila siku. Hesabu iliyokuwa ya muda wa kunywa kahawa ikawa ya kupikia maharagwe.

Siku ya kwanza Otis alilia, akajizuia, akalia, kisha ikasikika sauti ya maji membamba juu ya plastiki ya chini ya kizimba. Milango ilipofunguliwa Verna alipiga magoti. Alisafisha kwa siki, akafua kitambaa, akanusa mikono. Siku iliyofuata ikawa vile vile. Na siku nyingine Verna, akiwa amesimama mlangoni pasipo ruhusa ya kugeuka, aliona kwa pembe ya jicho kijibwa kimejibana kwenye nyaya, kinanyanyua mguu mmoja, kinaushusha, kinanyanyua mwingine, kinatafuta pa kukanyaga pasipolowa. Hapakuwepo.

Hesabu ilipokwisha aliuondoa wavu wa kati.

Bi Hostetler alikuwa amekataza jambo hilo, na sote tulimsikia. Lakini hebu mweleze mfungwa kwamba ubaya wa kizimba ni kuwa kikubwa mno. Hakuna mmoja katika jengo letu aliyemwambia Verna aache. Tulimpongeza. Wavu ulipotoka, Otis alitazama nafasi ile mpya, akaingia taratibu, akajilaza amenyoosha miguu yote minne, na wanawake waliokuwa mlangoni wakacheka kwa furaha kama waliopokea habari za ndugu aliyeachiliwa.

"Angekuwa na wakili," Shawnelle alisema, "angepanuliwa selo zamani."

Na kwa macho yetu mambo yalikuwa mema. Otis alikojoa kwenye pembe ya nyuma, akalala pembe ya mbele, kitambaa chake kikavu. Wakati wa hesabu hakulia tena. Verna alisema anakua, anatulia. Askari walisema hivyo hivyo. Mimi pia niliupenda ukimya ule. Mtu akikaa gerezani huona kila kinachotulia kuwa kimepona.

Kisha Otis akaanza kurudi kutoka nje bila kukojoa. Alisimama kwenye nyasi zake, theluji ikimfika tumboni, akamtazama Verna kwa upole, akangoja warudi. Akiingia selo alikwenda moja kwa moja kizimbani, pembe ya nyuma. Alifanya bila haraka wala aibu, kama mtu aliye nyumbani kwake. Verna aliosha, na kesho yake aliosha tena. Siki ilimchuna ngozi ya vidole. Shawnelle akaanza kulala na shuka usoni, na siku moja alisema, bila mzaha, kwamba selo inanuka kama nyumba ya bibi yake siku za mwisho. Verna akaenda kufua shuka za Shawnelle tena, ingawa zilikuwa zimefuliwa jana.

Bi Hostetler alipokuja, hakuhitaji kuelezwa. Alisimama mlangoni akavuta hewa. Akapiga magoti, akatazama kizimba, akatazama pembe ya nyuma.

"Wavu uko wapi?"

Verna aliuonyesha, nyuma ya kitanda.

"Ulimhurumia," Bi Hostetler alisema.

"Alikuwa anakanyaga mkojo wake."

"Najua. Na akawa analia?"

"Ameacha kulia. Ametulia sasa."

Bi Hostetler aliweka mkono juu ya kichwa cha Otis. Kisha alieleza, kwa sauti ile ya chini iliyotulazimisha sisi wa nje kusogea, kwamba kile kilio kilikuwa ndiyo kazi yote. Mbwa alikuwa akimwita. Sasa ana choo chake ndani na haoni sababu ya kumwita mtu. Mbwa aliyezoea kulala pamoja na mkojo wake hawezi kuwekwa kando ya kitanda cha mtu asiyeweza kuinuka. Alisema wavu urudi siku ile ile. Angekuja tena baada ya wiki chache, na kama Otis angekuwa bado anachafua, angemtoa katika mafunzo. Watu wa kumchukua hivyo alivyo huenda wangepatikana, huenda wasipatikane. Hakutisha. Aliyasema kama mkulima anayesema shamba lipi litashika maji.

Verna aliurudisha wavu mchana huo. Nilimwona akiufunga, kulabu baada ya kulabu. Otis aliingia, akaenda kutafuta pembe yake, pua ikagonga nyaya. Akageuka, akatazama nje. Kisha akalia, kwa sauti ya juu iliyofika mpaka mwisho wa ukumbi.

"We Tackett," mtu akapaza sauti kutoka ng'ambo, "na wewe siku hizi ni afande?"

Wengine wakacheka. Kuna aliyegonga mlango kwa kikombe. Kwa siku kadhaa wanawake waliomsifu wakawa hawamwachii nafasi mezani, na Shawnelle, ambaye angeweza kumcheka kuliko wote, ndiye aliyewajibu kwamba anayetaka kukojoa kitandani kwake aende akakojoe, lakini amwache mbwa afundishwe.

Verna alianza upya kama siku ya kwanza. Kabla milango haijafungwa alikuwa nje na Otis mpaka dakika ya mwisho, kichwa wazi, upepo wa mashamba ya mahindi yaliyovunwa ukimpiga, hata midomo ikawa ya bluu. Otis alipokojoa nje, Verna alimsifu mpaka sisi tukaona haya kusikiliza. Aliosha kizimba waya kwa waya. Polepole Otis akakumbuka. Akaanza kujizuia tena, akaanza kulia tena wakati wa hesabu, na Verna, akiwa amesimama wima macho mbele kama sheria inavyotaka, alikuwa akisikiliza kilio kile na uso wake ukilainika. Mlango ukifunguliwa tu walitoka mbio, wote wawili, na mara kwa mara walifika kwenye nyasi wakiwa wakavu.

Ndipo mkasi ulipopotea katika karakana ya ushonaji.

Tulifungiwa wakati wa chakula cha mchana. Askari walipekua magodoro jengo baada ya jengo, na ilipofika saa kumi walikuwa hawajafika kwetu. Tukaamriwa kusimama kwa hesabu tukiwa tayari tumefungiwa nusu ya siku. Otis alikuwa amelia, akanyamaza, akalia. Namba hazikukubaliana. Tukaanza tena. Kilio chake kikabadilika, kikawa kifupi, cha juu, kama cha ndege.

Afande Strope alipopita, Verna alisema kitu ambacho hatukuruhusiwa kukisema. Alisema, "Afande, mbwa."

"Simama sawasawa, Tackett."

"Nafahamu, afande. Nifunge pingu ukitaka, nimtoe hapo nyuma tu. Au mtoe wewe. Atakwenda na wewe."

Strope alisimama. Jasho lilikuwa limelowesha kola yake, ingawa ukumbi ulikuwa baridi. "Nikifungua mlango mmoja nimefungua yote," alisema. "Mkasi ukitokea mgongoni mwa mtu, utamwambia nani kwamba kulikuwa na mbwa?" Hakusema kwa ukali. Alikuwa karibu kumwomba radhi. Akaendelea kuhesabu.

Otis alijizuia. Nilikuwa selo ya ng'ambo, nilimwona kati ya nondo za mlango. Alisimama miguu imekakamaa, mwili wote ukitetemeka kama gari bovu lililoachwa linanguruma, macho yake kwa Verna, kwa mgongo wa Verna, kwa kuwa Verna hakuweza kugeuka. Alijizuia kupita nilivyodhani kijibwa kinaweza. Kisha ikamshinda. Akatazama miguuni mwake, akanyanyua unyayo mmoja, akaushusha. Namba zilikosewa mara nyingine, tukaanza tena, na katika hesabu ile ya mwisho hakulia kabisa.

Mkasi ulikutwa chini ya cherehani. Ulikuwa umeanguka.

Walipofungua, hakuna aliyemtania Verna. Shawnelle alitoa taulo lake mwenyewe, jipya, akalitandika sakafuni. Verna alimtoa Otis, akamfuta unyayo mmoja mmoja, akachelewa katika kazi hiyo kuliko ilivyohitajika. Kisha akamwambia Shawnelle, na Shawnelle akaniambia mimi baadaye, kwamba kesho mkasi mwingine utapotea. Au kisu jikoni. Au paa litavuja pengine. Jengo lile haliwezi kumlea.

Karibu na lango kulikuwa na nyumba ndogo walimokaa wanawake waliobakiza muda mfupi. Milango yao haikufungwa mchana, walihesabiwa walipo, na mlango wao wa nyuma ulitoka moja kwa moja kwenye nyasi. Mmoja wao, Wanda Froelich, alikuwa ameshamlea mbwa akamkabidhi, na kizimba chake kilikuwa kitupu. Verna asingeweza kuhamia huko. Kifungo chake kilikuwa kirefu mno.

Akaomba kumwona Bi Hostetler kabla ya siku yake.

Walikutana katika chumba cha mafunzo, nami nilikuwa napiga deki pale mlangoni, nikasikia. Bi Hostetler hakukubali upesi. Alimkumbusha kanuni ya shirika: anayerudisha mbwa kwa hiari hapewi mwingine. Alisema amekwisha kuzungumza na wakubwa kuhusu hesabu, kwamba huenda wangelegeza, kwamba Otis alikuwa amerudi vizuri na siku moja mbaya haiharibu kila kitu. Alimsihi angoje kidogo.

"Nilishawahi kungoja," Verna alisema. "Walipomkuta binti yangu hakuwa analia. Kila mtu anauliza kuhusu godoro. Hakuna anayeniuliza hilo." Akanusa viganja vyake. "Mchukue Otis akiwa bado analia."

Bi Hostetler akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Alitoka akaenda ofisini kwa wakubwa.

Makabidhiano yalikuwa nyuma ya ile nyumba ndogo, siku ya jua kali na baridi kali, theluji ikiumiza macho. Sisi wa zamu ya kuzoa theluji tulikuwa pale na makoleo yetu. Wanda Froelich alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti iliyokwaruzwa na sigara za zamani, na alikuja akiwa amejaza mfuko vipande vya biskuti. Verna alimpa kamba. Alimweleza chakula, masikio, jinsi Otis anavyoogopa ndoo, jinsi ya kufunga wavu ili asijichune. Alisema yote mfululizo, bila kumtazama mbwa.

"Na nje unamwambiaje ili akojoe?" Wanda akauliza. "Mimi wa kwangu nilikuwa namwambia 'fanya kazi.'"

Tulifundishwa wote neno hilo. Verna alitazama chini, akachora theluji kwa ncha ya kiatu.

"Mimi namwambia, kojoa mama, tukalale."

"Mama? Si dume huyu?"

"Ndivyo anavyojua."

Wanda alimtazama usoni, na kicheko alichokuwa amekiandaa akakiacha. Akasema sawa, ndivyo atakavyosema.

Bi Hostetler alimwagiza Verna ageuke, aende mpaka kwenye uzio na asitazame nyuma, mbwa asije akachanganyikiwa. Verna akaenda. Wanda akamleta Otis kwenye nyasi zilizoondolewa theluji, akajikohoza, na kwa ile sauti yake mbovu akasema, "Kojoa mama, tukalale."

Otis alimtazama. Kisha akautazama mgongo ulio kwenye uzio. Wanda akasema tena, polepole zaidi, karibu kwa kuimba. Otis akanusa, akazunguka mara moja, akatazama tena mgongo ule, akazunguka. Sisi na makoleo yetu tulikuwa tumeacha kazi. Akachuchumaa.

Wanda alimsifu kwa sauti iliyovuka uwanja, mwanamke mzima akirukaruka kwenye theluji kama kichaa, na kwa sifa zile Verna, aliyekuwa ametugeuzia mgongo, akajua. Mabega yake yalishuka. Hakugeuka. Alianza kutembea kuelekea jengo letu, mikono mifukoni, upesi kidogo, maana saa kumi ilikuwa inakaribia na hakutaka kuandikiwa kosa. Alikuwa amefika katikati ya uwanja Otis alipovuta kamba mpaka ikakaza, akaanza kulia.